Panda Mnazi: Kibwagizo Kinapobadilika Bila Kubadilishwa

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, Mtwara mjini. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeipokea mapema ili tusipoteze muda.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchambua shairi la kuhimiza, lile linalomwambia kijana awe na shabaha, ajitume, asikate tamaa. Mashairi ya aina hii yamejaa. Yamebandikwa ukutani madarasani, yanasomwa kila mwaka kwenye mahafali ya kidato cha nne, na mengi yake, niseme bila kumung'unya maneno, ni mabaya. Mawaidha yake hayana kosa. Kosa ni kwamba ukishasoma ubeti wa kwanza umesoma lote. Kibwagizo, ule mshororo unaofunga kila ubeti, kinarudi mara tano au sita, na kila kikirudi kinasema kilekile, hadi msikilizaji anaanza kutazama saa.

Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja, na ndicho nitakachokitetea leo. Chukua kibwagizo cha ubeti wa kwanza, ukiweke kando ya kibwagizo cha ubeti wa mwisho. Maneno ni yaleyale. Je, maana nayo ni ileile? Kama ni ileile, beti za katikati zilikuja kujaza ukurasa tu. Kama imegeuka, na hakuna hata herufi moja iliyoguswa, hapo kuna mtunzi.

Shairi nililolileta mtunzi wake yumo humu ndani. Ameniomba nisimtaje, nami nimemwomba asikasirike. Linaitwa "Panda Mnazi". Nitaghani mishororo mitatu, nanyi mnaitikia wa nne.

Wakaa kibarazani, huku siku zinapita,
Mikono i mifukoni, bahati unaiita,
Haishuki asilani, kwa mdomo kuivuta,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Shina ukilitazama, kilele chake ki mbali,
Moyo unarudi nyuma, miguu haikubali,
Vidato hukatwa vyema, kimoja, kisha cha pili,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Wapo watakaocheka, wakutilie maneno,
Waseme utaanguka, uvunje mbavu na meno,
Ukianguka, inuka, ukaze tena mkono,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Mnazi una wenyewe, hukuota kwa upepo,
Babu alitaka wewe, uje uukute upo,
Akafa asigaiwe, dafu likiwa halipo,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Ukifika usikae, juu hakuna kitanda,
Angua uwagawie, wasioweza kupanda,
Nawe shuka, utulie, chini ndipo pa kupanda,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Chimba shimo lenye kina, usiogope uchafu,
Wapo watakaoona, mti ukiwa mrefu,
Hata wasijue jina, wewe ukiwa ni mfu,
Panda mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu.

Asanteni. Mmeitikia vizuri, ingawa pale ubeti wa nne baadhi yenu mmesitasita. Tutarudi hapo.

Mambo ya hesabu tuyamalize haraka, maana mnayajua na watahini wanayapenda. Ni shairi la kimapokeo. Muundo wake ni unne, yaani tarbia: beti sita zenye mishororo minne minne, jumla mishororo 24. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi ambacho ni cha kwanza na utao ambacho ni cha pili, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi nane. Kwa hiyo shairi zima lina mizani 384. Anayetaka kuhakiki na ahesabu, ila akumbuke kwamba "mnazi" ni mizani tatu, m-na-zi, na "mbali" ni mbili, mba-li. Hapo ndipo wengi mnapotea, mnamtuhumu mtunzi bure kwamba amepunguza au amezidisha. Vina, yaani sauti za mwisho za vipande, vinabadilika ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ni ukaraguni. Kibwagizo hakibadiliki. Mtunzi ametumia inkisari hapa na pale: "haukuota" imekatwa ikawa "hukuota" ili mizani itoshe, na wanaojua kanuni za utunzi hawatamlaumu.

Mwanafunzi wa kawaida ataandika hayo kwenye ukurasa wa kwanza chini ya kichwa cha Fani. Kisha atafungua ukurasa wa pili, ataandika Maudhui, na chini yake: "Dhamira kuu ni bidii. Ujumbe ni kwamba tusikate tamaa." Atapata alama zake, sikatai. Lakini kurasa zile mbili hazikuamkiana. Vina viko huku, bidii iko kule, na hakuna mahali ambapo ameonyesha vina vilifanya nini kwa ile bidii. Kazi yetu leo ni kuzikutanisha.

Tuanze na anayesema na anayeambiwa. Anayeambiwa ni "kijana", na anaitwa kwa umoja tangu mwanzo hadi mwisho: wakaa, ukilitazama, usikae, chimba. Anayesema ni nani? Tafuteni neno "mimi" katika mishororo yote 24, au kitenzi chochote chenye "ni-" ya nafsi ya kwanza. Hamtalipata. Mzee huyu, maana sauti ni ya mzee, hajitaji hata mara moja. Mimi nalipenda sana jambo hili. Wahamasishaji wa siku hizi sentensi yao ya kwanza ni "mimi nilianza na mtaji wa shilingi elfu kumi", na hapo ukumbi unakuwa umeacha kujifikiria, unamfikiria yeye na gari lake. Mtunzi wetu amemnyima mzee wake nafasi ya kujisifu. Hatujui kama alipata kupanda mnazi wowote.

Ubeti wa kwanza ni wa kusuta. Kijana kakaa barazani, mikono mifukoni, anaiita bahati kwa mdomo. Wazazi mlicheka hapo, vijana hamkucheka. Mimi niko upande wa vijana kidogo. Katika mkoa ambao fedha ya mwaka inakuja na msimu wa korosho, na msimu ukiisha imeisha, kumkuta kijana barazani mwezi wa nne si ushahidi wa uvivu. Huenda alikuwa shambani tangu palizi hadi mnada, na sasa hakuna cha kufanya. Lakini tumsome mtunzi kwa alichokiandika. Amesema bahati "haishuki asilani". Na hapo ndipo uchaguzi wake wa tunda unaponifurahisha. Angeweza kusema "juu ndiko kwenye nazi", mizani ni nane vilevile. Kwa nini dafu? Kila mtu wa pwani anajua: nazi iliyokomaa huanguka yenyewe. Aliyelala chini ya mnazi anaweza kuamka akaiokota, kama haikumpata kichwani. Dafu halimwangukii mtu barazani. Dafu hufuatwa. Kwa neno hilo moja mtunzi amemfungia kijana mlango wa kungoja, na amefanya hivyo bila kupaza sauti.

Ubeti wa pili una neno moja kwa ajili yenu nyinyi mnaovaa sare: vidato. Ndiyo mikato inayochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga, na ndiyo madarasa yenu ya sekondari. Mtunzi hakulipigia tarumbeta, ameliacha lipite. Ninachotaka mkione ni mpangilio: "kimoja, kisha cha pili". Ubeti unaanza na kilele, unashuka kwenye moyo, kisha miguu, unamalizikia kwenye kidato cha kwanza na cha pili. Hauendi cha tatu. Jicho la kijana lilikuwa mbali, mishororo mitatu imelirudisha karibu, mbele ya pua yake. Halafu ndipo kibwagizo kinamwambia apande.

Kwa ubeti huu sisi wa kusini tuna mfano ambao hatuhitaji kuutafuta vitabuni, tunaishi juu yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Shabaha yao ilikuwa mamilioni ya ekari katika miaka michache. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita, misitu ikasukumwa, na reli ikaanza kujengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Bandari hii ya kina kirefu mnayoiona chini ya mji ni mtoto wa mpango ule. Kilichokosekana ni kidato cha kwanza: hakuna aliyelima kwanza shamba dogo la majaribio kwa misimu ya kutosha, akaujua udongo ule unavyokuwa mgumu jua likiwaka, akaijua mvua ile isivyotabirika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimezama. Reli nayo baadaye iling'olewa. Watu wale hawakukosa ari, walikuwa nayo hadi ikawazidi. Wala hawakuwa wavivu wa barazani. Kwa hiyo anayesema shairi hili linahimiza bidii tu, amwambie Mwingereza wa 1947 kwamba alikosa bidii, tuone atajibiwa nini. Ubeti wa pili unasema jambo jingine kabisa, la kukata vidato vyema kabla mguu haujaacha ardhi.

Ubeti wa tatu ndio utakaonakiliwa. Najua. Kesho utakuwa kwenye simu zenu, na ule mshororo wa "Ukianguka, inuka" utawekwa juu ya picha ya machweo. Nao ndio ubeti dhaifu kuliko yote.

Mniwie radhi, mtunzi. Sababu yangu ni hii. Minazi yetu mirefu inafika mita 20 na zaidi. Mtu akianguka kutoka huko, hainuki akakaza mkono. Anabebwa. Kila kijiji kutoka hapa hadi Msimbati kina mkwezi aliyeanguka, na watu wanajua anatembeaje leo kama bado anatembea. Mtunzi alikuwa mwangalifu sana na mnazi wake katika beti nyingine zote, alijua dafu na nazi, alijua vidato. Hapa tu ameusahau mnazi akachukua maneno yaliyokuwa yanapita njiani. Tena masikio yenu yangewaambia: "inuka" imekuja upesi mno baada ya "anguka", kwenye kipande kilekile cha mizani nane. Mkato ule mmoja haumpi mtu nafasi ya kuumia.

Nimejaribu kuutengeneza mshororo huo, kwa vina vilevile: "Ukichoka teremka, upumzishe mkono." Mizani nane kwa nane, na kila mkwezi angeukubali. Lakini nilipouweka mahali pake nikaona nimeharibu kitu kingine. Kushuka, katika shairi hili, kumewekewa ubeti wa tano. Nikimteremsha kijana ubeti wa tatu, ule wa tano unafika ukiwa umechakaa. Kwa hiyo naliacha mikononi mwa mwenye shairi. Udhaifu wa ubeti huu upo, dawa yake siijui yote.

Sasa ubeti wa nne, mliposita.

Mlikuwa mmeitikia mara tatu mkijua mnachosema: panda, yaani kwea, nenda juu. Kisha mkasikia habari ya babu. Mnazi una wenyewe, haukuota kwa upepo. Babu aliutaka mti huu uwepo siku utakapokuja, akafa kabla halijatokea hata dafu moja. Hapo mkafungua midomo kuitikia "Panda mnazi kijana", na ghafla neno la kwanza likawa na mlango wa pili. Panda: chimba, weka mche, fukia. Nyuso zenu niliziona.

Mtu anaweza kuniambia kwamba ni bahati tu, kwamba lugha yetu ina neno hilo lenye maana mbili na mtunzi hakukusudia. Hapa ndipo fani inapotoa ushahidi mahakamani. Kwa mnazi tuna kitenzi chetu maalumu: kukwea. Anayefanya kazi hiyo ni mkwezi. Sasa jaribuni: "Kwea mnazi kijana, juu ndiko kwenye dafu." Hesabuni. Kwe-a m-na-zi ki-ja-na. Nane. Kina ni kilekile, mizani ileile, na neno ni sahihi zaidi kwa kazi ya kupanda mnazi. Hakuna kanuni yoyote iliyomlazimisha mtunzi aliache. Ameliacha kwa sababu kukwea kuna maana moja, naye alihitaji mbili, ya kwanza ituchukue hadi ubeti wa tatu na ya pili itungoje kwenye wa nne. Mtahini yeyote atakayewauliza "thibitisha", mpeni hoja hiyo.

Na tazama ulivyogeuka upande wa pili wa kibwagizo bila kuguswa. "Juu ndiko kwenye dafu" kwa anayekwea ni habari ya leo: dafu lipo, liko pale, lifuate. Kwa anayepanda mche ni habari ya mbali. Mnazi mrefu wa pwani yetu unahitaji miaka sita, saba, pengine zaidi, ndipo uanze kuzaa. Hiyo "juu" bado haipo. Anaambiwa achimbe chini kwa ajili ya mahali ambapo bado ni hewa tupu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtunzi anamwambia kijana kwamba na yeye ni miongoni mwa waundaji, si abiria tu.

Kuna binti mmoja aliyenijia kabla hatujaanza, amelisoma shairi ubaoni, akaniuliza: "Mwalimu, mbona ni la wavulana? Sisi nani anatukwesha minazi?" Swali zuri, na kwa beti tatu za kwanza sina jibu la kumridhisha. Kwa maana ya pili ya kibwagizo ninalo, maana shimo la mche halina mwenyewe. Sijui kama mtunzi alilifikiria hilo. Shairi likiwa zuri hubeba na yale ambayo mwenyewe hakuyapakia.

Ubeti wa tano. Wanaopenda kanuni watauona na watanung'unika. Mshororo wa pili unaishia "kupanda", wa tatu unaishia "kupanda". Kurudia neno kwa kulifanya kina ni aibu kwa mtunzi, hufundishwa hivyo tangu somo la kwanza. Lakini yasomeni tena. "Angua uwagawie, wasioweza kupanda": hao ni wale wasioweza kukwea, wazee, wagonjwa, watoto. "Chini ndipo pa kupanda": hapo ni kutia mche ardhini. Ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja. Mtunzi ameyasimamisha bega kwa bega, kwenye kina cha mwisho ambapo sikio haliwezi kukwepa, ili hata yule aliyepitwa ubeti wa nne asipitwe hapa. Ningemlaumu kwa vina vya ukwapi wa ubeti huu, "usikae", "uwagawie", "utulie", ambavyo vinakutana kwa "e" tu na ni vyepesi kuliko vya beti nyingine. Kwa "kupanda" mbili simlaumu.

Maudhui ya ubeti huu nayo ni mageni kwa mashairi ya kuhimiza. Mengi huishia kileleni. Mtu amefika, makofi, mwisho. Huyu anamwambia aliyefika kwamba huko juu hakuna kitanda. Lugha yetu imelijua hili siku nyingi: aliye juu mngoje chini, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Misemo ile miwili lakini ina kijicho ndani yake, inamwotea aliye juu, inasubiri siku yake. Mtunzi ameichukua safari ileile ya kushuka akaiondolea kijicho. Kijana hashuki kwa kuangushwa wala kwa kushindwa. Anashuka kwa sababu ameshaangua, walio chini wanakunywa, na kazi inayofuata iko ardhini. Nyote mmewahi kununua dafu pale sokoni au kandokando ya barabara ya Mikindani: linakatwa kwa panga, unalinywa umesimama chini. Sijapata kuona anayelinywea kwenye makuti.

Mniruhusu kidogo niseme na walimu. Tangu miaka ya 1970 nchi hii imekuwa na ubishi kuhusu mashairi ya kimapokeo na mashairi huru, ya mavue, yasiyofungwa na vina wala mizani. Mimi nayasoma yote na sina ugomvi na mavue. Lakini jaribuni kuliandika hili kwa mavue, mkiondoa kibwagizo kwa sababu "kinajirudia". Utabaki na maelezo: zamani panda ilikuwa kukwea, sasa ni kupandikiza. Maana ile haiwezi kugeuka kama hakuna kitu kilichokaa imara ili igeukie. Ndiyo maana nawaudhi wanafunzi wangu kila mara wakiandika "kibwagizo kimetumika kusisitiza ujumbe". Hapa hakikusisitiza. Kiliubadilisha.

Tumebakiwa na ubeti wa mwisho, na kitu nilichokificha makusudi tulipohesabu vina. Kibwagizo kinaishia na "-na" katikati na "-fu" mwishoni. Sasa rudini beti tano za kwanza mtafute "-na" na "-fu" kwenye vina vya mishororo mitatu ya juu. Ubeti wa kwanza ni "-ni" na "-ta". Wa pili "-ma" na "-li". Wa tatu "-ka" na "-no". Wa nne "-we" na "-po". Wa tano "-e" na "-nda". Kila mara kibwagizo kimesimama peke yake, vina vyake havina ndugu. Ni amri inayotoka nje: mzee anasema, kijana anasikia. Ubeti wa sita: kina, uchafu, ona, mrefu, jina, mfu, kijana, dafu. Kwa mara ya kwanza mishororo yote minne imekubaliana. Kibwagizo hakikusogea hata kidogo, beti ndizo zilizotembea hadi zikakifikia. Aliyekuwa anaamriwa sasa anafanya, yumo shimoni na uchafu mikononi, na amri haina tena mtu wa kumsuta.

Sikilizeni pia "Wapo watakaoona". Mmelisikia wapi? Ubeti wa tatu: "Wapo watakaocheka." Sauti ileile, mahali tofauti. Wale wa kwanza wanamtazama kijana na kumcheka. Hawa wa pili hawamtazami kabisa, wanautazama mti, na jina lake hawalijui. Mtunzi mwoga angewafanya wachekaji wale wajute, waje kuomba msamaha. Huyu amewaacha wafe na vicheko vyao, akaleta watu wengine. Si mbali na hapa, Naliendele, kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimezalisha aina bora za mikorosho. Mkulima wa Tandahimba au Newala anavuna juu ya kazi hiyo. Muulizeni jina la aliyekaa na mche ule msimu baada ya msimu. Kwa shairi hili huo ndio mwisho wa safari ya mwenye shabaha: "wewe ukiwa ni mfu". Mnaona kwa nini halitafaa kubandikwa kwenye ofisi ya mtu anayeuza semina za mafanikio.

Nina shaka moja iliyobaki, na hii mtunzi ataijibu mwenyewe akitaka, hata kwa ubeti wa saba. Kijana ameangua madafu, amegawa, ameshuka, anachimba shimo. Anapanda nini? Dafu halioti. Aliyelipasua akanywa, mbegu yake imekwisha. Mche hutoka kwenye nazi iliyoachwa mtini hadi ikakomaa, yaani ile ambayo mkwezi aliiona, mkono wake ulifika, akaiacha. Shairi zima linasema fuata dafu, na hakuna mshororo hata mmoja unaosema acha nyingine zikauke. Inawezekana ni pengo, mtunzi hakuliona. Inawezekana pia limefichwa ndani ya "angua uwagawie", kwamba anayegawa hamalizi. Mimi nimelisoma mara nyingi na bado ninaegemea upande wa pengo, ila sitashangaa mwanafunzi wa kidato cha tano akinishinda kwa hoja hapa hapa.

Basi maswali. Tuanze na yule binti wa minazi, kisha wazee walioko dirishani.